Simfonia Iliyotolewa kwa Mungu: Tumsikilize Nani?

Wako watu wadhanio kwamba santuri mbili za muziki mmoja ni kitu kimoja, kama nakala mbili za kitabu kimoja cha sala. Noti ni zile zile, vyombo ni vile vile, basi tofauti itatoka wapi? Lakini kila Mkristo amekwisha kusikia Injili moja ikisomwa na watu wawili. Mmoja huyakimbiza maneno kama mtu aliyeona wingu la mvua. Mwingine hutua penye nukta, huinua sauti penye neno kubwa, na ghafula twasikia jambo tulilolisikia mara mia pasipo kulielewa. Katika muziki wa okestra ndivyo ilivyo, tena zaidi, kwa sababu mtunzi hawezi kuandika kila kitu katika karatasi. Hawezi kuandika pumzi. Hawezi kuandika kimya kidumu muda gani.

Leo twapenda kusema habari za kazi moja tu, nayo ni Simfonia ya Tisa ya Anton Bruckner, katika re minori. Simfonia ni muziki mrefu wa okestra nzima, uliogawanywa kwa desturi katika sehemu nne. Hii ina sehemu tatu zilizokamilika, kwa maana mtunzi alikufa akiwa katika kuandika ya nne. Twaichagua kwa sababu viongozi wakubwa wa okestra wameipiga kwa namna zinazopingana kabisa, na pia kwa sababu ya yule ambaye Bruckner alimtolea kazi hiyo.

MWANA WA MWALIMU

Bruckner alizaliwa tarehe 4 Septemba 1824 katika kijiji cha Ansfelden, nchi ya Austria. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji, na kwa desturi ya siku zile mwalimu ndiye aliyepiga kinanda kanisani. Anton alikuwa mzaliwa wa kwanza kati ya watoto 11, ambao wengi wao walikufa wachanga. Mwaka 1837 baba alifariki. Mama akampeleka mwanawe katika monasteri ya Mtakatifu Floriano, kwa Wakanoni wa Mtakatifu Augustino, naye akawa mmoja wa watoto waimbaji.

Baadaye alikuwa mwalimu msaidizi katika vijiji, kisha mpiga kinanda wa monasteri ile, kisha wa kanisa kuu la Linz, na mwaka 1868 akaitwa Vienna kufundisha katika shule kuu ya muziki. Alikuwa amepita miaka 40 alipomaliza simfonia anayoiita ya kwanza. Hakuoa. Katika vitabu vyake vidogo vya mfukoni aliandika kila siku idadi ya sala alizosali, na wanafunzi wake walisimulia kwamba kengele ya Malaika wa Bwana ilipolia, somo lilikatizwa mpaka mwalimu amalize kusali. Watu wa mjini walimcheka kwa suruali zake pana na kwa lafudhi yake ya shamba. Alitaka azikwe chini ya kinanda kikubwa cha Mtakatifu Floriano, na huko ndiko alikolazwa.

Mtu huyo mnyenyekevu alikuwa na udhaifu mmoja: aliwaamini mno waliomkosoa. Mwaka 1887 alimpelekea kiongozi Hermann Levi simfonia yake ya nane, akitumaini kusifiwa. Levi, aliyekuwa rafiki yake, alijibu kwamba hawezi kuielewa. Bruckner alivunjika moyo, akaanza kuiandika upya, tena akarudia na nyingine za zamani, akibadili hapa na pale. Ile ya tisa, ambayo alikwisha kuianza mwaka ule ule wa 1887, ikangoja. Sehemu ya kwanza ilimalizika Desemba 1893, na ya tatu, yaani Adagio, tarehe 30 Novemba 1894. Wakati huo alikuwa mgonjwa wa moyo, na miguu ilikuwa imevimba. Simfonia ya saba alikuwa amemtolea mfalme wa Bavaria, na ya nane Kaisari wa Austria. Daktari wake alisimulia kwamba mzee alisema hii ya tisa anamtolea Mfalme wa wafalme, Mungu mpenzi, akitumaini kwamba atampa muda wa kuimaliza.

Muda haukutosha. Kaisari alimpa nyumba isiyo na ngazi nyingi katika bustani za Belvedere, na humo aliandika mpaka siku za mwisho. Alikufa tarehe 11 Oktoba 1896. Karatasi za sehemu ya nne zilikuwa zimetapakaa chumbani, na kabla ya mambo kupangwa watu walichukua baadhi yake ziwe ukumbusho. Laiti wangalijua wanachukua nini!

Hata sehemu tatu zilizokamilika hazikuachwa salama. Ferdinand Löwe, mwanafunzi wake, ndiye aliyeiongoza kazi hii mara ya kwanza huko Vienna, tarehe 11 Februari 1903. Kwa nia njema aliona kwamba watu hawatavumilia ukali wa muziki ule, basi akaulainisha: akabadili vyombo, akapunguza milio yenye kuchoma, kisha akaipiga chapa hivyo, na kwa muda wa miaka karibu 30 ulimwengu ulidhani kwamba huyo ndiye Bruckner. Tarehe 2 Aprili 1932, mjini Munich, kiongozi Siegmund von Hausegger alifanya jambo la haki. Jioni moja alipiga simfonia hii mara mbili mfululizo, kwanza kwa namna ya Löwe, kisha kama alivyoiandika mtunzi mwenyewe. Tangu usiku ule namna ya Löwe ilianza kuachwa.

Hausegger huyo huyo ndiye aliyetupatia santuri ya kwanza ya kazi hii nzima, mwaka 1938, pamoja na okestra ya Munich. Siku hizo upande mmoja wa santuri ulibeba dakika nne hivi tu, kwa hiyo msikilizaji aliinuka mara nyingi kugeuza, na kila mara muziki ukakatika katikati ya sentensi. Twaitaja kwa heshima, kwani santuri zote zifuatazo zinapita katika njia aliyoifungua yeye.

KINACHOSIKIKA NDANI YAKE

Mwanzo ni giza. Vyombo vya nyuzi vinatetemeka kwa sauti moja ya re, polepole sana, na baragumu nane zaanza kusema maneno mafupi, kama watu wanaoamshana usiku. Muziki unapanda hatua kwa hatua, mpaka okestra yote inaanguka pamoja katika wimbo mmoja mkubwa, wote wakipiga noti zile zile kwa nguvu. Sehemu ya pili, Scherzo, si ya kufurahisha, ingawa jina lake lina maana ya mchezo. Nyuzi zinadonolewa kwa vidole, kimya kimya, kisha ghafula okestra nzima yatwanga noti ya re kama mchi katika kinu. Na hapa Bruckner alifanya jambo lisilo la kawaida: sehemu ya katikati, ambayo kwa wengine hupunguza mwendo, kwake inakimbia zaidi.

Adagio ndiyo kilele. Violini zaanza peke yake kwa mruko mkubwa wa sauti, kama mtu anayeinua mikono asiyejua kama itashikwa. Baadaye zinaingia tuba nne, za namna ile aliyoibuni Wagner, na wimbo wao wa huzuni Bruckner aliuita kuyaaga maisha. Mwishoni muziki unakusanyika tena, unapanda, unapanda, hata unafika penye mlio mmoja wa kutisha, wa sauti saba tofauti zinazosagana zote pamoja. Mlio huo haujibiwi. Panafuata kimya. Kisha polepole nuru inaingia, na tuba na baragumu zinamaliza kwa amani, zikikumbusha nyimbo za simfonia ya saba na ya nane.

Basi, ndugu msomaji, ukitaka kumpima kiongozi, msikilize hapo: anaufikiaje mlio ule, na anafanya nini baada yake.

WAZEE NA VITA

Santuri ya Wilhelm Furtwängler ina tarehe inayotisha: 7 Oktoba 1944, Berlin. Ukumbi wa Philharmonie, makao ya okestra yake, ulikuwa umebomolewa kwa mabomu tangu Januari mwaka ule. Redio ilinasa muziki huu katika utepe wa sumaku, na miezi michache baadaye Furtwängler alikimbilia Uswisi. Katika unasaji huu hapana utulivu. Kiongozi anaharakisha kila muziki unapopanda, anaukokota unapoteremka, na Scherzo inatwanga kwa hasira. Wenye kupenda usafi wa mwendo wanamlaumu, nao wana haki kwa upande mmoja, kwa kuwa Bruckner hakuandika haraka hizo zote. Lakini mlio ule wa Adagio, ukipigwa mahali na siku zile, hauhitaji kuelezwa. Furtwängler alibaki Ujerumani chini ya Hitler, na jambo hilo liliulizwa baada ya vita na linaulizwa hata leo. Sisi hatutaki kulinyamazisha kwa sababu ya uzuri wa santuri, wala hatutaki kuitupa santuri kwa sababu ya jambo hilo.

Yafaa iwekwe karibu yake ile ya Bruno Walter. Yeye alizaliwa Berlin mwaka 1876 katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1933 alilazimika kuondoka Ujerumani, mwaka 1938 akaikosa Austria pia, mwisho akahamia Marekani. Huko Kalifornia, mwezi Novemba 1959, akiwa mzee wa miaka 83, aliinasa Tisa ya Bruckner na Columbia Symphony Orchestra. Mtu angetazamia uchungu. Badala yake twasikia wimbo: kila chombo kinaimba kama mwanadamu, na hakuna mahali pa kupigiwa kelele. Nyuzi zake si nyingi kama za Berlin au Vienna, na Scherzo yake ni nzito kidogo, haitishi kama inavyopaswa. Hata hivyo, mtu asiyeijua kazi hii hatapata mlango mzuri kuliko huu. Yote inadumu karibu dakika 59, na sauti zake ni safi hata leo.

Carl Schuricht alikuwa na miaka 81 alipoipiga na Wiener Philharmoniker mwaka 1961. Wengi humsahau kwa kuwa hakuwa mtu wa kujionyesha. Hapa tunafika penye fundisho la ajabu la mwendo. Juu ya Adagio Bruckner aliandika maneno mawili ya Kijerumani, yenye maana ya polepole na kwa heshima kuu. Kwa Schuricht sehemu hiyo inachukua dakika 20 hivi. Kwa Carlo Maria Giulini, na okestra ile ile ya Vienna mwaka 1988, inachukua karibu dakika 30. Noti ni zile zile, kurasa ni zile zile, na hata hivyo dakika kumi zimeongezeka! Nani amemtii mtunzi?

WAKATOLIKI WAWILI

Kabla ya kujibu, tumtaje Eugen Jochum. Alizaliwa mwaka 1902 katika mji mdogo wa Babenhausen, Bavaria, Mkatoliki, na tangu ujana alikuwa mpiga kinanda wa kanisa. Simfonia za Bruckner alizinasa zote mara mbili, na ile ya tisa aliyoipiga na Berliner Philharmoniker mwaka 1964 ndiyo twaihesabu kuwa miongoni mwa bora. Jochum anabadili mwendo mara kwa mara, lakini si kama Furtwängler. Furtwängler hubadili kama mtu aliye katika dhoruba. Jochum hubadili kama mpiga kinanda anayejua mwangwi wa kanisa lake, ambaye hungoja sauti ya mwisho itoweke juu ya dari ndipo abonyeze nyingine. Shaba zake zinawaka. Na wimbo wa kuyaaga maisha hauna kulialia hata kidogo. Ni kama watu waliosimama kando ya kaburi la mzee aliyepokea Sakramenti zote.

Giulini alizaliwa Barletta, Italia, mwaka 1914. Alianza chini, akiwa mpiga viola katika okestra ya Roma, na huenda ndiyo sababu anasikiliza sana sauti za katikati ambazo wengine huzipita. Naye pia alikuwa mwamini mwenye sala. Aliinasa kazi hii huko Chicago mwaka 1976, nayo ni santuri nzuri, yenye nguvu na mwendo wa kati. Lakini ile ya Vienna, aliyoipiga akiwa na miaka 74 katika ukumbi wa Musikverein, ni jambo jingine. Yote inadumu dakika 68. Mwanzo msikilizaji hukosa subira. Huona kama gari limekwama matopeni. Asizime! Baada ya muda masikio yanazoea, na unagundua kwamba hakuna noti iliyolala. Kila mstari unavuta pumzi. Mlio wa kutisha unapofika, hauji kama ajali. Umekuwa ukikaribia kwa muda mrefu nasi twauona, na kimya kinachofuata ni kirefu kiasi kwamba mtu anajisikia mwenyewe akipumua.

Je, Giulini ameshinda kwa sababu alikuwa Mkatoliki kama Bruckner? Tusidanganyike. Imani haimfanyi mtu kuwa fundi. Wako wacha Mungu wengi wanaopiga kinanda vibaya kila Jumapili, na waimbaji wao wanajua. Walter alitoka katika familia nyingine kabisa, na anaimba Bruckner kama aliyezaliwa ndani yake. Kuhusu dakika zile kumi, twasema hivi: Schuricht hakukosa. Kwake Adagio ni safari ya mtu mwenye miguu mizima bado, anayejua kunakuchwa na anataka kufika. Kwa Giulini msafiri amekwisha kufika, naye ameketi. Bruckner aliyeandika alikuwa mgonjwa aliyetaka sana amalize, kwa hiyo huenda Schuricht yu karibu zaidi na mtu, na Giulini karibu zaidi na sala yake. Tukilazimishwa kuchagua moja kwa Adagio, tutachukua Giulini. Kwa sehemu ya kwanza na Scherzo, Jochum.

Namtaja pia Claudio Abbado, kwa sababu moja. Mwezi Agosti 2013, huko Lucerne, aliongoza kazi hii katika maonyesho yake ya mwisho, akiwa amedhoofika kwa ugonjwa, naye alifariki tarehe 20 Januari 2014. Santuri iliyotoka humo ni nyepesi, yenye kuangaza, kama kitambaa kinachopitisha mwanga. Wengine huona haina uzito wa kutosha. Anayeisikiliza usiku, pasipo kelele za nyumba, huenda atafikiri vingine.

SEHEMU YA NNE

Limebaki shauri gumu. Okestra nyingi humaliza na Adagio, na wasikilizaji huona vema kazi hii iishe kwa amani, kana kwamba mtunzi alipanga kufa hapo. Maneno hayo ni mazuri, lakini si ya kweli. Bruckner hakutaka kuishia hapo. Aliacha karatasi nyingi za sehemu ya nne, baadhi zikiwa zimejazwa vyombo vyote, nyingine zenye mistari ya nyuzi tu, na katikati mashimo ya kurasa zilizopotea.

Nikolaus Harnoncourt, aliponasa kazi hii na Wiener Philharmoniker mwaka 2002, alitoa pamoja nayo santuri ya pili ambamo anazungumza na watu na kupiga vipande vya sehemu ya nne jinsi vilivyobaki. Penye shimo muziki unakatika, naye anaeleza, kisha unaendelea. Ni kama kuoneshwa kanisa ambalo ukuta mmoja haujajengwa. Simon Rattle alichukua njia nyingine. Mwaka 2012, na Berliner Philharmoniker, alipiga sehemu zote nne, ya mwisho ikiwa imekamilishwa na wataalamu wanne, Samale, Phillips, Cohrs na Mazzuca, waliofanya kazi hiyo kwa miaka mingi wakilinganisha karatasi moja na nyingine. Mwanafunzi wa muziki ataisikiliza kwa faida kubwa, kwani kiasi kikubwa cha anachosikia ni cha Bruckner mwenyewe. Hata hivyo, penye mishono sikio linashtuka, na ule mwisho wenye fahari hatujui kama mzee angeutia sahihi. Sisi twampendelea Harnoncourt, ambaye hakufunika shimo. Anayempendelea Rattle atatujibu kwamba kuacha shimo si kumtii marehemu kuliko kuliziba, na jibu hilo si dogo.

Mtunzi mwenyewe alikwisha kutoa shauri lake. Alipoona nguvu zinamwishia, alisema kwamba ikiwa hatamaliza, baada ya Adagio ipigwe Te Deum yake, ile aliyoimaliza mwaka 1884 kwa waimbaji na okestra, na Löwe alifanya hivyo mwaka 1903. Wataalamu hulalamika kwamba Adagio inaishia katika mi majori na Te Deum ni ya do majori, kwa hiyo hazishikamani. Ni kweli. Lakini mwenye nafasi na afanye hivi jioni moja: aache Adagio ya Giulini iishe, azime mashine, akae dakika chache pasipo kusema na mtu. Kisha aweke Te Deum ambayo Jochum aliinasa Berlin mwaka 1965. Nyuzi zinaanza kwa kishindo bila utangulizi wowote, na kwaya nzima inaingia kwa sauti moja.